Utafiti Ufike Hadi Zamu ya Usiku

Julai Dodoma ina baridi ambayo mgeni haitarajii. Mchana jua linawaka na vumbi linapaa, lakini ikifika saa tisa usiku walinzi wa getini wamejifunga mablanketi hadi masikioni. Ndani ya wodi, mtoto wa kilo moja na gramu mia nne hana mafuta mwilini ya kumkinga. Kuna Julai moja, wiki mbili mfululizo, kila asubuhi kwenye makabidhiano ya zamu nilisikia maneno yaleyale: "Sista, wa kitanda cha tatu amepoa tena." Kipimajoto kinasoma 35.6, wakati tunataka kati ya 36.5 na 37.5. Tunamrudisha kwenye taa ya joto, umeme unakatika, tunaanza upya.

Mimi ni muuguzi mbobezi wa watoto wachanga. Njia ninayoieleza hapa, ya kutafuta utafiti na kuufikisha wodini, ilitokana na wiki zile, na naiandika kwa wauguzi wenzangu wabobezi, uwe wa figo, wa vidonda, wa afya ya akili au wa saratani. Mifano yangu itakuwa ya watoto njiti kwa sababu hao ndio ninaowajua.

Kwa nini hasa wabobezi? Kuna utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 ulioangalia wauguzi wa hospitali wanapata wapi maarifa ya kufanyia maamuzi. Ulikuta kwamba muuguzi akikwama humwendea mwenzake kabla ya kwenda kwenye kitabu au kompyuta, na hasa humwendea aliyebobea katika eneo hilo. Nilipousoma nilinyamaza kidogo. Wodini kwangu huyo anayeendewa ni mimi. Nikijibu kwa kitu nilichokariri chuoni miaka mingi iliyopita, wodi nzima itafanya hicho, na watoto watalala chini ya jibu la zamani.

Andika swali kabla ya kushika simu

Nina kaunta buku ambayo haitoki mfukoni mwa koti langu ila nikiwa nalala. Kila jambo linalojirudia mara tatu wodini linaandikwa humo kama swali, nalo swali nalikata vipande vinne: mgonjwa gani, tumfanyie nini, badala ya nini, na tunataka kuona nini kikibadilika.

Swali langu la kwanza Julai ile lilikuwa baya. Niliandika: "Namna ya kuzuia watoto kupoa." Ukilitafuta hilo utaletewa makala maelfu kwa maelfu, na bando litaisha kabla hujasoma hata moja. Nikalikata upya. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 1.8, ambaye bado hajatulia. Akiwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa. Badala ya kusubiri kwenye taa ya joto mpaka atulie, kama tulivyokuwa tukifanya. Je, atapoa mara chache zaidi, na je, atabaki hai?

Kipande cha nne ndicho watu wanakiruka. Usipoamua mapema unataka kuona nini, makala ndiyo itakayokuamulia, na kuna makala nyingi zinazopima vitu ambavyo mama wa mtoto hangekuuliza hata siku moja.

Pa kutafuta

Anza nyumbani. Wizara ya Afya ina miongozo yake ya kitaifa, na sisi wa Dodoma makao makuu yake yako Mtumba, hatuna kisingizio cha umbali. Mwongozo wa taifa ukiwa na jibu na tarehe yake ni ya karibuni, fuata huo. Baada ya hapo nenda kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hupakuliwa bure kwenye tovuti yao. Kwenye swali langu hapo palitosha kunishtua. Mwaka 2015 shirika hilo lilishauri huduma ya kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ianze mtoto akishatulia. Novemba 2022 lilibadilisha: ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Sisi tulikuwa bado tunaishi katika ushauri wa 2015.

Kama miongozo imenyamaza, nenda Cochrane. Hao kazi yao ni kukusanya tafiti zote za swali moja, kuzipima ubora na kuzijumlisha, na mapitio yao yana muhtasari wa lugha nyepesi ambao unaweza kuusoma ukiwa kwenye daladala. Kisha PubMed, ghala la bure la maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Andika kwa Kiingereza maneno matatu au manne tu kutoka kwenye vipande vya swali lako, na ujaribu kila jina la jambo lile, maana Kiingereza kina majina mengi ya mtoto njiti na mwandishi mmoja hutumia hili, mwingine lile. Pembeni kuna kichujio cha makala zinazosomeka zote bila malipo. Kibofye. Kwa tafiti za Afrika ambazo hazionekani huko, pitia African Journals Online. Makala ndogo kutoka hospitali iliyofanana na yako huko inaweza kukufaa kuliko kubwa ya kutoka mbali.

Halafu kuna ukuta wa malipo, na hapa nina uchungu wangu. Miaka mitatu nilikuwa nikifika kwenye makala ninayoihitaji, naambiwa nilipe dola thelathini na kitu, nafunga simu. Kumbe tangu mwaka 2002 upo mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida hayo bure. Taasisi niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo ilikuwa imesajiliwa. Nenosiri lilikuwa kwenye karatasi ndani ya droo ya ofisi moja, wala hakuna muuguzi aliyewahi kuambiwa. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kwa mkutubi au kwa anayeshughulikia kompyuta hospitalini kwako na uliza swali moja: "Je, tumesajiliwa Hinari?" Kama hamjasajiliwa, usajili ni wa taasisi, hivyo mwombe mganga mfawidhi aulizie. Wanafunzi wa uzamili walioko vyuoni nao ni msaada mkubwa, kwa kuwa vyuo vingi vina Hinari.

Njia ya mwisho inawatisha watu bila sababu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa makala kuna anwani ya barua pepe ya mwandishi. Mwandikie. Jitambulishe kwamba wewe ni muuguzi, unafanya kazi wapi, unataka makala kwa kazi gani. Mara nyingi mimi hutumiwa, na mara moja mwandishi aliniongezea na fomu waliyoitumia kukusanyia taarifa, kitu ambacho kwenye jarida hakikuwamo.

Tahadhari moja. Yapo majarida yanayochapa chochote mradi mwandishi amelipa. Makala ikitoka kwenye jarida usilolijua, liangalie kama lipo PubMed au kwenye orodha ya majarida huria inayoitwa DOAJ. Likikosekana kote, sitegemezi maisha ya mtoto juu yake.

Soma makala moja mpaka mwisho

Afadhali makala moja iliyosomwa yote kuliko muhtasari wa makala kumi. Muhtasari unakueleza walichopata, wakati wewe unahitaji kujua walifanyaje. Mimi naanzia sehemu ya mbinu, nikiwa na kalamu, na naichapa karatasini kwa sababu kwenye kioo cha simu jedwali hupotea.

Makala iliyobadilisha wodi yetu ilitoka mwaka 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine. Utafiti ulifanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na ya Tanzania ni Muhimbili. Walichukua watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1.0 hadi 1.799, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilianza kangaroo mara moja, jingine lilisubiri kutulia. Kugawa kwa bahati nasibu ni muhimu kwa sababu kunamzuia daktari au muuguzi kuwapeleka watoto wenye nguvu upande mmoja bila hata kukusudia.

Sasa tazama namba. Katika siku 28 walifariki asilimia 12.0 ya kundi la mara moja, na asilimia 15.7 ya waliosubiri. Toa moja kwa nyingine upate 3.7. Maana yake, takribani kila watoto 27 waliohudumiwa kwa njia ile, mmoja alibaki hai ambaye kwa njia ya zamani angefariki. Hesabu hii ifanye kila mara, kwa sababu ndiyo watu wa wodini wanaielewa. Wodi yenye watoto njiti wengi huwafikisha 27 upesi.

Uwiano wa hatari, yaani hatari ya kufa ya kundi la mara moja ikilinganishwa na ya waliosubiri (1 maana yake hakuna tofauti), waliuandika 0.75, na pembeni yake 0.64 hadi 0.89. Hizo mbili za pembeni usiziruke. Zinakueleza kwamba faida halisi inaweza kuwa kubwa kama 0.64 au ndogo kama 0.89, na kwa kuwa zote ziko chini ya 1, ni vigumu kusema ni bahati tu. Linganisha na vifo vya saa 72 za mwanzo katika makala hiyohiyo: 0.77, lakini pembeni ni 0.58 hadi 1.04. Hapo 1 imo ndani, kwa hiyo kwa saa 72 peke yake hawakuweza kuthibitisha. Mtu akikwambia utafiti ule ulionyesha kangaroo inaokoa ndani ya siku tatu, unajua kwamba hakufika kwenye jedwali. Na swali langu la kitanda cha tatu? Waliopoa ni asilimia 5.6 ya kundi la mara moja dhidi ya 8.3 ya waliosubiri.

Uliza kama watoto wale ni kama wa kwako

Hapa nitasimulia kitovu. Mwaka 2006 utafiti wa Nepal ulionyesha kwamba kupaka kitovu klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kunapunguza vifo vya watoto wachanga. Mwaka 2012 Bangladesh na Pakistani zikaleta matokeo ya kutia moyo vilevile. Ungekuwa muuguzi uliyesoma hizo tatu, ungesema suala limekwisha. Kisha mwaka 2016 zikatoka mbili za kwetu Afrika, moja ya Pemba na nyingine ya kusini mwa Zambia, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Hakuna aliyedanganya. Mazingira yalitofautiana: watoto wanazaliwa wapi, wanapakwa nini kitovuni, vifo vilikuwa vingi kiasi gani kabla ya kuanza. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri klorheksidini pale ambapo kupaka kitovuni vitu vya hatari kama kinyesi cha mnyama ni jambo la kawaida, na kwingine kitovu kiachwe kisafi na kikavu.

Kwa hiyo mama akija kutoka Bahi au Mpwapwa na mtoto aliyezaliwa nyumbani, sifungui mdomo kutoa ushauri wa kitovu kabla sijauliza, kwa heshima na bila mshangao usoni, nyumbani wamepaka nini. Jibu lake ndilo linaloniambia utafiti upi unamhusu.

Kuupeleka wodini

Haya yote ya juu, ukiyazoea, ni kazi ya mchana mmoja. Linalofuata lilinichukua karibu mwaka mzima.

Nilifanya kama nilivyoona wengine wakifanya. Nilisimama kwenye kikao cha asubuhi, nikaeleza utafiti kwa dakika ishirini, wenzangu wakatikisa vichwa, nikabandika kurasa mbili ukutani. Wiki ya pili niliingia wodini saa nane usiku bila kutarajiwa. Watoto wote njiti walikuwa chini ya taa za joto. Mama zao walikuwa jengo jingine, wodi ya wazazi. Sikumgombeza mtu. Nilimuuliza mwenzangu wa zamu, aliyekuwa peke yake na watoto kumi na wanne, imekuwaje. Akanijibu kwa upole: "Dada, mama atakaa wapi?"

Nikatazama. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki. Mmoja wa mama wale alikuwa na mshono wa upasuaji wa siku mbili.

Nilirudi nyumbani nikaisoma upya sehemu ya mbinu. Ilikuwa imeandikwa wazi: hospitali zile zilitengeneza chumba ambamo mama na mtoto mgonjwa wanalazwa pamoja, mama ana kitanda chake, na anahudumiwa humohumo. Watoto wa kundi la mara moja walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku wakiwa katika chumba kile. Hakuna mzazi wa saa 17 kwenye kiti cha plastiki. Matokeo yale yalikuja na vitanda vyake, nami nilikuwa nimebeba matokeo nikaacha vitanda.

Tangu hapo, kabla sijapeleka utafiti wowote wodini, nakunja karatasi iwe na safu tatu. Safu ya kwanza naandika kila kitu walichokuwa nacho watafiti ambacho bila hicho jambo lisingewezekana. Ya pili, tunacho. Ya tatu, hatuna, na nani anaweza kutupatia. Karatasi hiyo ndiyo niliyompelekea muuguzi mfawidhi, na aliielewa haraka kuliko makala. Stoo kulikuwa na vitanda viwili vilivyoharibika magurudumu. Fundi akavitengeneza. Tukakubaliana na wakunga kwamba mmoja wao apite kwetu kila zamu kuwaangalia mama, mshono, kutokwa damu, shinikizo la damu, badala ya mama kupelekwa kwao.

Kisha waletee watu namba wanazoziona kwa macho yao. Bibi mmoja wa Chamwino alikataa kabisa. Tulikuwa tumesalimiana vizuri, mbukwenyi na habari za nyumbani, lakini kuhusu mjukuu alisema mtoto mdogo hivi hafungwi kifuani, atavunjika. Sikubishana naye. Nilipima joto mbele yake, 35.9, nikamwonyesha. Nikamwomba akae karibu wakati mama anamfunga mtoto kwa kitenge, kofia kichwani, soksi miguuni, nepi tu mwilini. Baada ya saa moja nikapima tena, 36.7, nikampa kipimajoto akishike mwenyewe. Jioni yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni kwa Kigogo, na mama alipokwenda kuoga, yeye ndiye aliyempokea mtoto kifuani. Katika utafiti ule pia ndugu waliruhusiwa kusaidia, jambo ambalo nilikuwa nimelipigia mstari bila kujua lingenifaa kwa nani.

Kwa zamu ya usiku tulitundika karatasi yenye visanduku 24 kwenye mguu wa kila kitanda. Mama anatia alama kila saa aliyokaa na mtoto kifuani, na asiyejua kuandika anachora mstari. Asubuhi tunahesabu. Siku za kwanza visanduku vya usiku vilikuwa vitupu, na hilo lilitusaidia kuona tatizo lilikuwa saa za kulala: mama waliogopa kumlalia mtoto. Tukaongeza mito wakalala wameinuka mgongo, na tukawafundisha kufunga kitenge kiwe imara.

Kuhusu mafunzo, nimeachana na semina ya siku nzima. Sababu yangu iko jirani, Haydom, mkoani Manyara. Huko walifundisha wahudumu kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Wahudumu waliboreka sana kwenye mwanasesere, lakini makala ya mwaka 2013 inasema kwamba chumbani kwa kuzalia hawakubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua, na matokeo hayo yakachapishwa mwaka 2015. Sisi tunafanya dakika tano kabla ya makabidhiano: mwanasesere, kitenge, kipimajoto, mtu mmoja anaonyesha. Aliyekosea anarudia. Basi.

Na jambo la ruhusa. Tulichofanya kilikuwa tayari ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na tulikipitisha kwenye uongozi wa hospitali kabla ya kuanza. Kupima kama wodi yako inafuata kinachojulikana ni sehemu ya kazi yako. Lakini siku utakapotaka kukusanya taarifa za wagonjwa ili uchapishe, au kujaribu kitu ambacho bado hakijulikani, huo ni utafiti, na unahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya mgonjwa wa kwanza. Anzia kwenye kamati ya taasisi yako, nayo itakuelekeza kama unahitaji kufika NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Usianze halafu ukaomba baadaye.

Karatasi yetu iliyoko ukutani sasa ni ukurasa mmoja, na chini yake kuna mstari niliouongeza: jina la aliyeipitia na mwezi ambao ipitiwe tena. Mwezi huo ukifika naingia PubMed na swali lilelile. Ikiwa hakuna jipya, naandika tarehe mpya na kusaini.

Wiki iliyopita mama wa Kondoa alijifungua watatu kwa mpigo, mkubwa wao gramu 1,350. Nilifungua makala ile nikijua ninachotafuta, nikakikuta kwenye orodha ya walioachwa nje: mama wa watoto watatu au zaidi. Mama mmoja, vifua vya bibi na shangazi, watoto watatu. Nimeliandika swali kwenye kaunta buku kwa vipande vyake vinne, na Alhamisi, nikitoka zamu, nina miadi na mkutubi saa nne asubuhi.